Kisima cha Wote, Koleo la Nani?

Nazungumza nanyi mlioko mjini Garissa. Nazungumza nanyi mlioko Balambala, Lagdera, Fafi, Dadaab na Ijara, majirani zetu wa Wajir na Mandera, na ndugu zetu wa ng'ambo ya Mto Tana, Madogo mpaka Bura.

Mazungumzo ya leo yana mambo matatu ndani yake: programu za kompyuta, hali ya hewa inayotugeuka, na namna mtu anavyoamua kuishi. Najua kuna mama anayesikiliza huku akipima maziwa ya ngamia, anajiuliza: mimi na programu za kompyuta wapi na wapi? Mama, usizime redio. Ninachotaka kusema kinakuhusu wewe kabla hakijamhusu kijana wa saibakafe. Nasema hivi: kitu ambacho maisha yako yanakitegemea, lazima uwe na haki ya kukifungua, kukiuliza maswali, na kushiriki kukitunza. Nitalirudia hilo jioni hii, kwa makusudi.

Haya, tuanze na kompyuta, halafu tutatoka nje malishoni.

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10, programu iliyokuwa ikiendesha mamilioni ya kompyuta duniani. Wenye kompyuta waliambiwa wahamie Windows 11. Lakini mashine nyingi haziwezi kuhamia, kwa kuwa chipu zake zimeonekana kuukuu, au zimekosa kifaa cha usalama ambacho programu mpya inakidai. Kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria kwamba kompyuta zipatazo milioni 240 zingeweza kuishia jaani kwa sababu hiyo. Sasa nakuuliza, ndugu msikilizaji: mashine inawaka, kioo kizima, kibodi nzima, mtoto anaandika insha yake vizuri, kwa nini itupwe?

Hapa kwetu swali hilo ni zito zaidi. Kompyuta nyingi tunazoziona madukani, kwenye madrasa na katika vyumba vya kuchapisha barua zilishatumika kwingine kabla ya kutufikia. Zilifika zikiwa na miaka yake. Mtu akisema kila mashine yenye umri huo imekwisha kazi, anasema sisi tumekwisha kazi.

Na kuna jambo la moshi. Tunapozungumzia kompyuta na hali ya hewa, wengi hufikiria umeme inaokula ikiwa mezani. Kumbe kwa kompyuta ya mkononi, sehemu kubwa ya uchafuzi hutokea kabla hujaiwasha hata mara moja: madini yalipochimbwa, chipu ilipotengenezwa, mzigo uliposafirishwa. Ukiitumia miaka minane badala ya minne, umeokoa mashine nzima isitengenezwe. Fundi wa simu pale sokoni, yule anayebadilisha betri na kioo chini ya mwavuli, anafanya kazi ya hali ya hewa, ingawa hakuna aliyewahi kumwalika kwenye kongamano.

Kompyuta ninayoandikia mazungumzo haya ni ya zamani, na inaendeshwa na Linux. Linux ni nini? Mwaka 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland, aitwaye Linus Torvalds, aliandika moyo wa programu ya kuendesha kompyuta, akautoa kwa watu. Miaka michache kabla yake, mwaka 1983, Mmarekani Richard Stallman alikuwa ametangaza mradi wa kuandika programu ambazo kila mtu ana haki ya kuzitumia, kuzichunguza, kuzibadilisha na kuzigawa. Haki nne hizo. Kutumia, kuchunguza, kubadilisha, kugawa. Programu ya namna hiyo tunaiita programu huria. Msimbo wake, yaani yale maandishi yanayoiambia kompyuta ifanye nini, uko wazi. Anayejua kusoma asome. Anayeona kosa alirekebishe.

Utasema: mimi sina kompyuta, sina habari na Linux. Unayo simu ya Android mfukoni? Basi unayo Linux, kwa sababu Android imejengwa juu ya moyo ule ule. Umewahi kumpeleka mtoto zahanati akachanjwa? Takwimu za zahanati zetu zinapanda hadi Wizara ya Afya kupitia mfumo uliojengwa juu ya DHIS2, programu huria iliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Oslo pamoja na watu wa nchi nyingi, na Kenya imekuwa ikiitumia nchi nzima tangu mwaka 2011 hivi. Wakati wa ukame, yule kijana anayekuja bomani na simu, akakuuliza mbuzi wangapi wamebaki na maji mnayateka wapi, mara nyingi majibu yako anayaandika ndani ya KoboToolbox au ODK, nazo ni programu huria. Na sisi Wakenya hatukuwa watumiaji tu. Mwezi Januari 2008, nchi ilipokuwa ikiwaka baada ya uchaguzi, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman, David Kobia na wenzao waliunda Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani. Waliitoa huria, ikatumika Haiti baada ya tetemeko la mwaka 2010 na katika nchi nyingine nyingi.

Kwa hiyo tusiseme haya ni mambo ya watu wengine. Tumo ndani yake tayari. Swali ni kama tumo kwa kujua au kwa kutojua.

Sasa wasikilizaji, nawaomba tutoke mjini twende Wajir, kwenye visima. Wajir ni mji wa visima vifupi, vilivyochimbwa kwa mikono vizazi na vizazi. Mtu mgeni akiona watu wengi wamezunguka kisima, kila mtu na mifugo yake, anaweza kudhani ni vurugu. Si vurugu. Kisima kina waliokichimba na wanaokisimamia. Kina zamu: nani ananywesha asubuhi, nani jioni, nani atasubiri kesho. Msafiri mwenye kiu hanyimwi maji ya kunywa, lakini hawezi kuleta ngamia mia na kuwavurugia wenyeji ratiba yao. Na kisima kikijaa mchanga, anayeteka anatarajiwa kushika koleo. Sheria za mila, xeer kwa Wasomali, hazikuandikwa ukutani lakini kila mzee anazijua.

Mwaka 1968 mwanabaiolojia wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika makala iliyopata umaarufu mkubwa. Alisema malisho ya wote lazima yaharibike, kwa sababu kila mfugaji ataongeza mnyama mmoja zaidi hadi nyasi ziishe. Makala hiyo ilisomwa na wapangaji wa serikali nyingi, nazo nchi za wafugaji zikaumia kwa ajili yake, maana ardhi ya pamoja ilianza kuonekana kama ardhi isiyo na mwenyewe. Aliyekuja kumjibu kwa ushahidi ni mwanamke, Elinor Ostrom. Alichunguza mifereji, misitu, malisho na maeneo ya uvuvi duniani, akaonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1990 kwamba watu wanaweza kutunza mali ya pamoja kwa karne nyingi, mradi wana mipaka inayojulikana, kanuni walizojitungia wenyewe, na njia ya kumwadhibu mvunjaji. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata. Wazee wa Wajir hawakuhitaji Nobel kulijua hilo, lakini nafurahi kwamba lilisemwa mahali ambapo waliotudharau walilazimika kulisikia.

Programu huria nayo ni kisima cha namna hiyo. Ina leseni, ambayo ndiyo xeer yake. Ina wanaoisimamia. Na ina mchanga unaoingia kila siku: makosa, mashine mpya, wezi. Asiposhika mtu koleo, kisima kinajaa.

Nitawapa kisa cha kweli. Kuna programu ndogo iitwayo xz, kazi yake ni kubana faili zichukue nafasi ndogo. Imo ndani ya Linux karibu zote. Mabenki, hospitali, serikali, wote wanaitegemea, na wengi hawajui hata jina lake. Kwa miaka mingi ilitunzwa hasa na mtu mmoja, kwa kujitolea, aliyekuwa amechoka na amesema waziwazi kwamba amechoka. Akatokea mtu mwingine kwenye mtandao, akajifanya msaidizi. Akasaidia kwa zaidi ya miaka miwili, kwa upole, hadi akaaminiwa. Kisha akaficha mlango wa wizi ndani ya programu. Mwishoni mwa mwezi Machi 2024, mhandisi Andres Freund aliona kompyuta yake inachelewa kufungua mlango wa kuingia kwa kama nusu sekunde tu. Nusu sekunde! Wengine wangepuuza. Yeye akafuatilia, na kwa kuwa ilikuwa programu huria aliweza kuchimba mpaka ndani, akaukuta mlango wa wizi kabla haujasambaa duniani.

Mnaona mambo mawili hapo? Uwazi ulituokoa. Uchovu wa mtu mmoja, ambaye dunia nzima ilikuwa ikimtekea maji bila kumpokea koleo, ndio uliomfungulia mwizi. Narudia, maana hapa ndipo moyo wa mazungumzo yetu ulipo: kuwa wazi peke yake hakutoshi. Kitu cha wote kinahitaji watu walioamua, kwa nia, kukitunza.

Tuje kwenye ukame sasa.

Mnaukumbuka. Deyr, yaani mvua za vuli, ya mwaka 2020 haikunyesha vizuri. Gu, yaani mvua za masika, ya 2021 ikapita. Deyr ikapita. Gu ya 2022 ikapita. Deyr ya 2022 ikapita. Misimu mitano mfululizo. Nchini Kenya mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa, na nyingi ilikuwa ya kaunti hizi kavu. Barabara za Wajir na Garissa zilikuwa na mizoga kandokando. Mwezi Aprili 2023, wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walitoa uchunguzi wao: joto lililosababishwa na binadamu liliongeza uwezekano wa ukame wa namna ile mara mia moja au zaidi. Halafu mwezi Novemba mwaka huo huo, mvua za El Niño zikaja kwa fujo, Tana ikafurika, na barabara ya Nairobi ikakatika hapo Mororo na Madogo. Waliokuwa wakilia kiu mwezi Januari walikuwa wakihama maji mwezi Novemba.

Na Kenya nzima inachangia sehemu ndogo sana ya hewa chafu ya dunia. Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu huwa nasikia watu wakija na mahubiri ya kutuambia tupunguze. Mama wa Hulugho, kaunti hii, apunguze nini? Azime taa ipi? Mwezi Desemba 2019 kituo cha umeme wa jua cha Garissa kilizinduliwa, megawati 50, kikubwa kuliko vyote vilivyokuwepo nchini wakati huo, na nakionea fahari. Lakini umeme wake unaingia kwenye gridi ya taifa, na maboma mengi ya kaunti hii bado hayana waya. Kwa hiyo kazi ya hali ya hewa kwetu sisi si kujinyima tusichokuwa nacho. Kwetu ni kujikinga, na kudai haki.

Na kujikinga siku hizi kunapitia kwenye kompyuta. Hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha.

Chukueni bima ya mifugo. Mwezi Januari 2010, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, pamoja na washirika wake, ilianzisha bima ya aina mpya kule Marsabit. Baadaye kampuni ya Takaful ikaileta Wajir kwa utaratibu unaofuata sharia, na mwezi Machi 2014 wafugaji wa Wajir wakalipwa. Serikali nayo ikaanza mpango wake mwaka 2015, Turkana na Wajir kwanza, kisha kaunti nyingine pamoja na yetu. Bima hii haisubiri mtu aje kuhesabu mizoga. Setilaiti inapiga picha ya ardhi, inapima ukijani, inalinganisha na miaka iliyopita. Ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, mnalipwa, ng'ombe wakiwa bado hai, ili mnunue majani na maji. Wazo zuri. Naliunga mkono kwa moyo wote.

Lakini niwaulize wafugaji: kila kijani ni malisho?

Mnajua jibu. Kuna mathenge. Mti huu uliletwa Bura, ng'ambo ya mto, miaka ya 1980, kwa nia njema ya kupata kuni na kuzuia jangwa. Leo umeziba kingo za Tana, umefunga njia za mifugo, umeingia kwenye laga, yaani mito ya msimu. Mizizi yake inakwenda chini sana, kwa hiyo Jilaal, kiangazi kikali, ikikausha nyasi zote, mathenge unabaki kijani. Mbuzi hawali majani yake. Wanakula maganda yake matamu, hadi meno yanaharibika. Sasa setilaiti iko juu mamia ya kilomita. Inaona kijani. Haijui kama ni nyasi au ni mathenge. Ng'ombe anajua. Watafiti wenyewe wanalijua tatizo hili na wameliandika. Lakini mfugaji anayeambiwa "msimu huu hakuna malipo, eneo lako lina kijani cha kutosha," atauliza wapi? Atamwambia nani kwamba kijani kile ni miiba?

Hapo ndipo uhuria wa programu unapoacha kuwa jambo la vijana wa kompyuta na kuwa jambo la mwenye ng'ombe. Picha zenyewe ziko wazi. Setilaiti za Marekani na za Ulaya zinatoa picha bure, na zile za Sentinel-2 za Ulaya, zilizoanza kurushwa mwaka 2015, zinaona kitu cha ukubwa wa mita kumi. Programu za kuzisoma zipo huria, kama QGIS, ambayo kijana wa Garissa anaweza kuiweka kwenye ile kompyuta kuukuu tuliyoizungumzia. Kinachobaki ni hesabu iliyo katikati: ukijani unapimwa vipi, kiwango kimewekwa wapi, maeneo ya mathenge yametolewa au yamehesabiwa pamoja na malisho? Kama hesabu hiyo imefungwa kabatini, sisi ni wa kupokea au kukosa. Kama iko wazi, mwanafunzi wa chuo kikuu hapa anaweza kuifungua, akatembea na mzee mpaka bonde la Tana, akarudi na kusema: hapa mmekosea, na hii ndiyo ramani.

Je, mzee ana nafasi katika kazi hiyo? Anayo, na mfano uko jirani. Kule Isiolo, zaidi ya miaka kumi iliyopita, wafugaji wa eneo la Waso na taasisi yao ya jadi ya kusimamia malisho, dedha, walikaa pamoja na wapangaji wa serikali na watafiti wa shirika la IIED. Picha ya setilaiti ikaonyeshwa ukutani. Wazee wakaiangalia nchi yao kutoka juu, wakaanza kutaja: hiki ni kisima fulani, hapa ni malisho ya kiangazi, hapa tunapaacha kabisa mpaka ukame mkali, hii ni njia ya ngamia. Vijana wakaingiza kila jina kwenye ramani kwa programu huria, pamoja na OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Ramani hizo zikasaidia kupanga matumizi ya mfuko wa hali ya hewa wa kaunti: bwawa lichimbwe wapi, na, jambo ambalo wahandisi wengi hulisahau, lisichimbwe wapi. Maana ukichimba bwawa katikati ya malisho ya akiba, umeyaua, mifugo itakaa hapo mwaka mzima. Mzee alilijua hilo siku zote, ila sasa lilikuwa mezani, mbele ya anayeandika bajeti.

Mfuko huo wa Isiolo ulifuatwa na wa kaunti nyingine, Garissa na Wajir zikiwamo, na leo wadi zetu zina kamati za kupanga mambo ya hali ya hewa. Nitarudi kwenye kamati hizo kabla hatujaagana.

Kabla ya hapo, neno la tahadhari, kwa sababu sitaki mtu adhani nasema kila kitu kianikwe. Kule Ishaqbini, hifadhi ya jamii katika Ijara, kulikuwa na twiga weupe watatu, waliojulikana dunia nzima. Mwezi Machi 2020 ilithibitishwa kwamba mama na mtoto wake wameuawa na majangili. Akabaki dume mmoja. Mwezi Novemba mwaka huo akafungwa kifaa kwenye pembe, cha kuwatumia walinzi mahali alipo kila saa. Je, taarifa hiyo iwe wazi kwa kila mwenye intaneti? Hapana. Walinzi waijue, basi. Vivyo hivyo na malisho ya akiba wakati wa mvutano wa koo, na vivyo hivyo na orodha za majina ya familia za wakimbizi kule Dadaab. Programu iwe wazi tuichunguze, taarifa za watu zilindwe. Kisima kina zamu, nacho kina mwiko. Wenyeji ndio wa kuamua kipi kiende kwenye ramani na kipi kibaki vichwani mwa wazee, na uamuzi huo ufanywe nao kabla ya mgeni kufungua kompyuta yake.

Na kuna tahadhari ya pili. Wengi hapa wanaofanya kazi na mashirika wanaujua mtandao wa FEWS NET, wa kutoa tahadhari ya njaa, ulioanzishwa na Marekani mwaka 1985 baada ya njaa kuu ya Ethiopia. Kwa miaka arobaini mipango mingi ya chakula katika Pembe ya Afrika iliuegemea. Mwishoni mwa Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake, tovuti ile ikazimwa. Baadaye mwaka huo ikarudi. Lakini kwa miezi kadhaa, aliyezoea kuchungulia pale aone Jilaal inakwendaje alikuta mlango umefungwa, kwa uamuzi uliofanywa Washington na watu ambao hawajui Jilaal ni nini. Siwalaumu waliokuwa wakifanya kazi ile, walituhudumia vyema. Ninachosema ni kwamba tulikuwa watekaji, koleo tuliwaachia wao.

Tunazo taasisi zetu. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ipo. NDMA, mamlaka ya kukabiliana na ukame, hutoa taarifa ya kila kaunti kila mwezi, na taarifa hiyo iko wazi kwa yeyote. Umewahi kuisoma ya Garissa? Mwalimu unayenisikiliza, umewahi kuichukua ukaisoma darasani, watoto wakalinganisha inachosema na wanachokiona wakipeleka mbuzi machungani? Ningependa sana kuona somo hilo. Mtoto anayejifunza kuiuliza taarifa maswali akiwa na miaka kumi na miwili hatapumbazwa na ramani ya rangi akiwa na arobaini.

Sasa nizungumze kidogo juu ya nafsi zetu, kwa sababu nilisema jambo la tatu ni namna mtu anavyoamua kuishi.

Tumefundishwa tangu madrasa kwamba amali hupimwa kwa nia, na kwamba israfu haimpendezi Mola, hata ukitawadha kando ya mto. Nimelifikiria sana hilo katika kazi hii ya kompyuta. Mtu anaweza kutumia simu, programu, umeme na maji maisha yake yote bila kuwahi kuamua lolote: alipewa akapokea, iliharibika akatupa, ilibadilika akafuata. Mimi nimeamua mambo machache. Simu ikiharibika inakwenda kwa fundi kwanza. Kompyuta haibadilishwi mpaka ikatae kabisa. Programu ninayoitegemea kila siku, natenga muda kila mwezi kuirudishia kitu: natafsiri maneno yake kwa Kiswahili, naripoti kosa, narekebisha jina la kijiji lililoandikwa vibaya kwenye OpenStreetMap. Vijijini kwetu majina mengi yameandikwa na watu walioyasikia mara moja kwenye gari. Kurekebisha jina la kisima ili liandikwe kama wenyewe wanavyolitamka ni kazi ya dakika chache, na kwangu ni ibada.

Wala hatukuanza leo. Mwezi Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Waliamua kwamba karani anaweza kuandika barua kwa kompyuta bila kujua Kiingereza. Liliwezekana kwa sababu programu ilikuwa huria. Hawakuomba ruhusa ya kampuni yoyote.

Sikuambii ufanye ninayofanya mimi. Wewe una ng'ombe wa kuchunga, duka la kufungua, watoto wa kulisha. Nakuuliza tu: katika vitu unavyovitegemea, ni kipi kimoja ambacho unaweza kukitunza kwa nia?

Kwa vijana waliosomea kompyuta hapa Garissa, mnaonilalamikia kwamba kazi hakuna, nina pendekezo, na nalisema hewani ili mnishike nalo. Ramani ya mathenge. Wadi kwa wadi, kutoka Balambala kuteremka na mto hadi Masalani. Picha zipo bure, programu zipo huria, wazee wapo na hawajasahau njia. Anzeni na wadi moja. Mkishapata ramani, ipelekeni kwa wanaouza bima ya mifugo, mwaulize kama kijani kile wamekihesabu kuwa malisho. Ipelekeni pia kwa kamati ya wadi.

Na nyinyi wanakamati wa wadi, niliahidi kurudi kwenu. Najua mkutano ukifika, mtu atakuja na mfumo mpya wa tahadhari, programu mpya, ramani mpya, na fulana za uzinduzi. Mpokeeni vizuri, mpeni chai. Kisha kabla ya kutia sahihi muulizeni mambo haya. Msimbo wake tunaweza kuuona? Taarifa zetu zitakaa wapi, na nani atazisoma? Vijana wetu wamefundishwa kuurekebisha, au ukiharibika tutangoja gari kutoka Nairobi? Na mradi wako ukiisha, fedha zikikauka, mwakani nani anashika koleo? Akikosa jibu la swali la mwisho, mwambieni arudi nalo mkutano ujao, ajenda itamsubiri.

Muda wangu umekwisha, wasikilizaji. Wenye maoni, laini za simu zinafunguliwa baada ya taarifa ya habari, na ningependa sana kuwasikia wafugaji waliowahi kulipwa bima, na waliowahi kukosa.